Ile Siku Mufasiri Alisema Neno Yenyewe

Hapana, yaya, sikukosea kusoma. Ile maandishi ilikuwa wazi, nyeupe, chini ya picha, Kifaransa ya mwepesi ile hata mutoto wa mwaka ya tatu ya shule anaweza kusoma. Kama kesho naenda mbele ya chefu wa kartie, mukubwa wa mutaa wetu, na kusema nilikosea, nitasema uongo, na uongo yenyewe itakuwa juu ya kitu moja ile mi najua kufanya muzuri mu muji huu.

Nilimuambia vile yaya, dada yangu mukubwa. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Akatwanga, akatwanga, alafu akasema bila kuinua kichwa: "Na mutu anakaa Kabambare bila macho, juu ya Kifaransa yako."

Njo vile mazungumuzo yetu iliisha leo saa sita. Nimeingia mu chumba nimefunga mulango, niko naandika, juu mi nikikasirika naandika, ao sivyo nitasema maneno mubaya kwa mukubwa wangu.

Maneno yenyewe iko hivi. Chefu wa kartie alifunga nyumba ya video ya muzee wetu, Mufasiri, ni miezi tatu sasa. Muzee akatoka Kasongo kwa haya, akaenda kukaa kwa binti ya dada yake kule Kabambare. Sasa chefu anasema: kama yule musichana mwenye alikuwa anamusomea muzee anakuja kusema mbele ya watu kama alisoma vibaya, basi muzee hana kosa, arudi, achukue ufunguo yake. Kama haji, nyumba inaenda kwa mufanyabiashara mumoja anatafuta mahali ya kuweka muchele. Kesho njo siku ya mwisho. Musichana yule ni mimi.

Sitaandika Mufasiri alizaliwa wapi, wala babu yake alikuwa nani. Ku musikiti kuko wazee wanne wanajua ile hadisi, na kila moja iko na yake. Mi nitaandika ile niliona miaka ine nikikaa ku mukono yake ya kushoto.

Kazi yake ilikuwa kusema. Mafilme ilikuwa inafika mu flashi, zinatoka Kindu, zingine Bukavu: vita, karate, Wahindi wenye kulia na kucheza. Watu wanakaa ku mabenchi mbele ya televizio, jenereta inalia inje, na ye anakaa pembeni na mikro yake amefunga kitambaa juu, anasema sauti zote. Sauti ya askari, sauti ya bibi kizee, sauti ya mbwa. Mbele ya kuanza alikuwa anatafuna tangawizi na kunywa maji ya moto, na hakuna mutu alikuwa na ruhusa ya kumuongelesha.

Saa ya swala ikifika, anasimamisha picha mahali imefika. Siku moja gari ya wezi ilikuwa inaruka juu ya daraja, adhana ikaita, akabonyeza. Ye akaenda kutawaza, na watu mia wakabakia wanaangalia gari mu hewa. Wakristo pia walingoja. Aliporudi aliuliza kama kuna mutu alishuka mu gari.

Zamani alikuwa anasoma ye mwenyewe ile maandishi ya Kifaransa ya chini. Alafu macho yake ikaanza kuingia ukungu, na hakuambia mutu. Alikuja kwetu asubuhi moja, akamwambia mama anatafuta mutoto mwenye diplome, mwenye sauti ya chini. Yaya alicheka, alisema diplome niko nayo lakini sauti ya chini tukuazimie ku jirani. Nikajifunza. Nilikuwa nasoma Kifaransa mu sikio yake, ye anatupa Kiswahili kwa watu. Kati ya mudomo yangu na mikro yake kulikuwa muda kidogo tu, pumuzi moja. Vitu vyote nataka kuandika hapa vilikuwa vinapita mule mu pumuzi.

Alikuwa mukali juu ya kazi. Siku nilichoka nikaruka mustari moja, alisimamisha picha, akaniuliza mbele ya watu: "Yule aliandika haya maneno alikaa akafikiri. We unaruka sababu gani, kuko matope?" Watu wakacheka, mi nikaona haya mpaka mwisho. Nyumbani kwake pia uongo ulikuwa haupite mulango. Mutu akimuletea mafuta ya mawese yenye kuongezewa maji, anamurudishia na anamuambia kiasi gani ya maji. Na huyuhuyu mutu, kila alasiri, alikuwa anageuza maneno mbele ya wanawake wa soko, bila kutetemeka.

Ni Wathai njo walileta ile kugeuza maneno. Seri zao, filme zenye kukatwa sehemu nyingi, zilianza kufika kidogo kidogo, watu wakaita "Wachina wa mapendo", na Mufasiri akakataa: "Hawa ni Wathai. Wako na mufalme wao, na pilipili yao." Wamama walipenda sana. Nyumba safi, mvua muzuri, watu wanakula kila dakika kumi, na hakuna mutu anakimbia bunduki. Lakini mu ile seri nyingi, wenye kupendana ni vijana wawili wanaume. Mumoja anasoma kuwa enjenyeri, mwingine anauza supu ya tambi na mama yake, ao ni mwanafunzi mudogo. Wanachokozana, wanagombana, mvua inanyesha, moja anapata homa, mwenzake anamupangusa uso na kitambaa. Kila seri ni vile. Hata mi nilifika kujua homa itakuja sehemu ya ngapi.

Basi mi nasoma mu sikio yake: nakupenda. Pumuzi. Na ye anasema mu mikro: "Ndugu yangu, nakuheshimu sana."

Mi nasoma: usiniache. Na ye: "Usisafiri mbele ya mutihani."

Wakifika ku kubusu, Mufasiri alikuwa anakohoa, alafu anasema polepole sana: "Hapa wanasalimiana, namna ya kwao." Mama mumoja mwenye kuuza samaki alisema siku moja kwa sauti: "Hawa watu wanajua salamu. Wameamkiana asubuhi, wanaamkiana tena jioni." Nyumba nzima ikaanguka kwa kicheko, na Mufasiri mwenyewe mabega yake ilikuwa inatikisika.

Nilimuuliza njiani sababu gani. Alisema kwa Wathai mudogo anaita mwenzake kaka, hata kama hawakuzaliwa pamoja, na ye anasema ile masikio yake inasikia. Nikasema, na macho, papa? Akasema macho yake imekwisha, mi najua muzuri kuliko watu wote. Alikuwa na jibu kila mara. Ile ilikuwa inanichosha.

Lakini hakuwa anageuza kitu kimoja tu. Mu ile seri, kila mara kuko musichana mwenye kupenda moja ya wale vijana, na wameandika kama musichana ni mubaya. Anasema uongo, anaficha simu, anamwaga maji ku nguo ya mwenzake. Ye peke yake njo anapenda na anachekwa. Mi nasoma maneno yake ya sumu, na Mufasiri anamupatia sauti ya mutu mwenye kuumia. Anamuongezea sababu. "Nilingoja miaka mbili," anamusemesha, na mu Kifaransa hakuna miaka mbili. Nikamuambia haiko pale. Akasema: "Haiko. Lakini musichana hawezi kuwa vile bure." Nikakuta kama ile nilikubali. Kwa wale vijana wawili nikakataa. Sasa nikiandika naona sikujiuliza tofauti iko wapi.

Watu wananiuliza, hasa tangu nyumba ifungwe, kama muzee mwenyewe alikuwa mutu wa vile. Sijui, na sitaandika ile sijui. Alioa, muke wake alikufa, hakuoa tena, na mu muji huu mwanaume asipooa tena watu wanahesabu. Najua hii: alikuwa na rafiki kule Nyangwe, fundi wa kuchonga mitumbwi. Kila mwaka, mupunga ukishavunwa, alikuwa anafunga nyumba wiki nzima anaenda kule. Anarudi na samaki ya kukausha na sauti imekauka, juu walikuwa wanaongea siku zote saba. Siku habari ilifika kama yule fundi amekufa, nilifikiri hatafungua. Alifungua. Tulikuwa na filme ya vita. Nilimusomea mistari yote, na ye mikro ilikuwa mu mukono, hakusema hata moja. Askari wote walikufa siku ile bila kusema kitu. Watu wakakaa mpaka mwisho, na hakuna mutu alidai pesa yake ya kuingia.

Sasa ile siku.

Ilikuwa seri ya sehemu kumi na tatu, tulikuwa tumefika ya kumi. Nilikwisha kuona ile sehemu ku simu yangu mbele, najua nini inakuja. Kijana mukubwa anamupeleka mwenzake kwa mama yake, wanasimama ku mulango, mvua inawanyeshea, na mama anauliza huyu ni nani. Nilimuambia Mufasiri mbele watu hawajaingia: papa, leo ukigeuza, sitasoma tena. Nilisema vile, ku mutu mwenye ningeweza kuwa mujukuu wake. Nilisema watu wako na haki ya kujua wanaangalia nini. Nilisema hata ule fundi wa nguo mwenye kukaa kila siku ku benchi ya nyuma, mwenye hakosi hata sehemu moja, labda ye njo anangoja kusikia ile maneno, na tunamuibia. Nilikuwa na hasira muzuri, hasira ya mutu anajua iko na haki.

Alitafuna tangawizi yake.

Tukafika pale ku mulango. Mama akauliza. Nikasoma, polepole, neno kwa neno. Pumuzi. Pumuzi ikawa ndefu. Nikafikiri atakohoa.

Akasema: "Mama, huyu si rafiki yangu. Mi namupenda. Njo mutu wangu."

Alisema na sauti yake mwenyewe. Haikuwa sauti ya kijana, wala ya filme. Nilikuwa sijawahi kusikia sauti yake mu mikro.

Nilifurahi mpaka nikasoma mistari ya mbele mbiombio, na ye hakunifuata. Alafu nikaangalia watu. Nilifikiri watakasirikia picha. Hakuna mutu alikuwa anaangalia picha. Vichwa vilikuwa vimegeuka nyuma, moja, mbili, alafu benchi nzima, vinaangalia fundi wa nguo. Fundi alikuwa anaangalia mikono yake. Mama wa samaki akamushika mutoto wake, akasimama, akasema tu, taratibu, kama mutu anaona chungu kimepasuka: "Ah, Mufasiri."

Kesho yake chefu alikuja. Alisema muzee anafundisha watoto mambo ya Ulaya. Mufasiri akasema Thailandi haiko Ulaya. Ile ilikuwa maneno yake ya mwisho mbele ya watu wa kartie.

Nyumba ikafungwa, na kisha siku tatu nilienda kwa fundi wa nguo. Nilikuwa nafikiri, naona haya kuandika, nafikiri ataniambia aksanti. Alikuwa ku mashine yake, peke yake, na hakuna nguo ya mutu ku meza. Akaniambia: "Dada, ulifikiri hatujui? Sisi wote tulikuwa na macho. Ule muzee alitupatia neno ya kukalia, tukakaa. Sasa mi nitakaa wapi?" Hakusema na hasira. Ingekuwa hasira ningemujibu. Aliniomba nisisimame sana pale, watu wanapita.

Njo kosa yangu, nilichukua miezi tatu kuijua. Nilifikiri watu hawakujua.

Wiki iliyopita nilipanda pikipiki kwenda Kabambare. Matope imekula barabara, mi na dereva tulilala njiani, Lusangi, siku ya pili tulisukuma kuliko kupanda. Nilikuta Mufasiri mu kiwanja, amekaa ku kiti, mihogo imeanikwa kila upande, binti ya dada yake na majirani wawili wanabambua karanga. Amekonda. Alinijua nilipomuamkia, akaniambia nimeingia homa ya barabara, ninywe maji.

Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba musamaha. Hakunipatia nafasi. Aliuliza: "Ilibakia sehemu tatu. Uliziona?"

Nikasema niliona ku simu.

"Basi sema."

Nikaanza kusema. Wanawake wakaendelea na karanga yao lakini masikio iko kwetu. Mume wa yule binti, ni katekista, akatoka mu nyumba akakaa pia. Nikawaambia namna mama alifunga mulango. Namna kijana mukubwa alienda kufanya kazi mbali, ku muji wa bahari, na mudogo akaanguka mutihani. Namna mu sehemu ya mwisho mama alifunga safari, amebeba chakula mu masahani ya chuma yenye kupandana, akafika, akakaa katikati yao, akagawa: huyu kipande, huyu kipande, bila kusema kitu. Jirani moja aliacha karanga kabisa.

Katekista akauliza: "Sasa hawa wawili, mumoja ni nani kwa mwenzake?"

Nilimuangalia Mufasiri. Ye hakuangalia popote, hawezi tena. Mukono yake ilikuwa juu ya goti, vidole vimesimama. Ye iko mu kiwanja ya watu. Anakula chakula ya watu. Kama nasema neno mubaya pale, mi nitapanda pikipiki niende, ye atabakia.

Nilivuta pumuzi.

"Ni ndugu," nikasema. "Wanapendana kama ndugu."

"Njo muzuri," katekista akasema. "Ndugu wapendane." Wanawake wakarudia karanga. Moja akasema yule mama alikuwa na roho.

Mufasiri akalaza vidole ku goti. Alafu akasema, kwa sauti ile ya chini mi nilikuwa namusomea nayo: "Umefasiri muzuri." Sikujua kama ananisifu ao ananililia.

Watu walipoinuka, nilimuambia maneno ya chefu na ya ufunguo. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza nani atakuwa pale. Nikamuambia direkteri wa shule ya musingi njo ataandika, ni ye mwandishi wa chefu. Mufasiri anajua direkteri yule njo mwenye kushika barua yangu ya kuomba kazi ya ualimu. Akasema: "We unatafuta kufundisha watoto Kifaransa. Ukisema mbele yake kama..." Hakumaliza. Akasema: "Mi sikuombi kitu. Usije ukafikiri nilikuomba."

Adhana ikaita. Akasimama kwenda kutawaza, akaenda moja kwa moja ku ukuta. Akaupapasa. Yule binti akamuambia, bila kuinua kichwa mu karanga: "Kushoto, papa. Kushoto." Akaenda kushoto, akakuta mwiko na sufuria, akasimama pale anacheka kidogo, kama mutu ameingia nyumba si yake. Kule Kasongo alikuwa anatoka kwake mpaka musikiti, mpaka video, mpaka kwetu, na kuacha mimi hakuna mutu alijua kama haoni. Hata chefu hajui mpaka leo.

Yaya amemaliza kutwanga. Amepitia ku mulango, hakubisha, amesimama tu, nikaona kivuli yake hapo chini, alafu akaenda. Sijamuambia kama nimekubali, juu najua atasema nimekawia.

Kesho asubuhi nitaenda kwa chefu wa kartie. Nitasimama mbele ya direkteri na watu wote, na nitasema Kifaransa siijui muzuri, nilikuwa nakisia. Na kama direkteri ananipatia karatasi nisome ili wahakikishe, nitaisoma vibaya.